Darasa la baba na kijana usharikani, Moshi: tathmini ya mzazi aliyelipa

Nianze na bei, maana hapa kwetu Moshi ndiyo itakayoulizwa kwanza. Darasa hili, la kupinga ukatili wa kijinsia, ni shilingi 5,000 kwa baba na kijana wake. Unalipa mara moja kwa mhasibu wa usharika, unakatiwa risiti, na hela hiyo inaingia kwenye chai, maandazi na kijitabu kilichotolewa kopi na kubanwa pini. Posho hakuna. Fulana hakuna. Nauli ya kurudishiwa hakuna. Wapo waliofika siku ya kwanza wakauliza karatasi ya kusaini iko wapi, wakaambiwa haipo, na Jumamosi iliyofuata hatukuwaona.

Gharama halisi kwangu ilikuwa nyingine. Nauza vipuri vya pikipiki jirani na soko la Mbuyuni, na Jumamosi asubuhi ndipo bodaboda wanapokuja kubadilisha cheni, breki na taa kabla ya pilikapilika za jioni. Kufunga duka hadi mchana, Jumamosi baada ya Jumamosi, si mchezo. Kwa hiyo nikisema darasa hili lina thamani, ujue nimekaa na kikokotoo.

Lenyewe ni hivi. Kijana wangu yuko mwaka wa pili wa kipaimara. Usharika wetu, ambao sitautaja na mbele utaona sababu, uliamua wavulana wa kipaimara wahudhurie mfululizo wa vipindi pamoja na baba zao kuhusu ukatili wa kijinsia: unaanzaje, nani huwa anauona, na mwanaume afanye nini kabla mtu hajaumia. Asiye na baba anakuja na mjomba au baba mdogo. Anayelelewa na mama peke yake anatafutiwa mzee wa jumuiya yao, na mama ndiye anayemkubali au kumkataa huyo mzee. Hicho kipengele walikifikiria vizuri. Kuna mama mmoja wa Njoro alimkataa mzee wa kwanza mbele ya mwinjilisti bila kutoa sababu, wakamletea mwingine, na hakuna aliyemhoji.

Ukumbi ni ule wa usharika, viti vya plastiki, paa la bati bila dari. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Ratiba inasema saa tatu asubuhi, tunaanza saa nne kasoro. Upande wa pili wa ukuta kwaya ya akina mama inafanya mazoezi, na kuna siku mada ilikuwa kusikiliza wake zetu huku wake zetu wenyewe wakituzidi sauti kwa sauti ya tatu na ya nne. Viti na kelele nawapa nyota mbili, wasinikasirikie.

Nina cha kulinganisha. Mwaka fulani, katika zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazoanza tarehe 25 Novemba na kwisha 10 Disemba, shirika moja lilitukusanya wafanyabiashara wanaume kwenye hoteli moja mjini. Chakula kizuri, samaki mzima na ndizi. Tulipewa fulana, tukapigwa picha tumenyoosha kiganja, tukasaini. Mtoa mada aliturushia slaidi mpaka tukasinzia. Nakumbuka samaki. Fulana fundi wangu anafutia oili. Darasa la usharikani halina samaki, lakini hadi leo naweza kukuambia kila kipindi kilihusu nini na nani alibishana na nani.

Mwinjilisti anayeliongoza alitueleza kwamba kijitabu kimeokota mengi kutoka SASA!, mpango ulioanzishwa Kampala na shirika la Raising Voices, ambao baadaye ulipata toleo la makanisa na misikiti lililotengenezwa pamoja na Trócaire. Alitusomea kwamba utafiti uliochapishwa 2014 ulilinganisha mitaa ya Kampala iliyopata mpango huo na ile isiyopata, na ukatili wa kimwili kutoka kwa mwenzi katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 kwenye mitaa iliyoupata. Baba mmoja, mwalimu, akauliza walifundishwa siku ngapi. Jibu lilikuwa kwamba ilikuwa kazi ya miaka, ikifanywa na watu wa mitaa hiyohiyo: jirani kwa jirani, kijiweni, sokoni, kwenye ibada. Hapo nikaelewa kwa nini ile siku moja ya hotelini haikuacha kitu zaidi ya fulana.

Sasa kipindi chenyewe ambacho peke yake kingetosha kurudisha 5,000 yangu.

Siku hiyo mwinjilisti hakuhubiri. Alimpa kijana mmoja asome 2 Samweli sura ya 13, habari ya Tamari, binti wa Daudi, aliyebakwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Sura ambayo mimi nimekaa kanisani tangu ubatizo na sikumbuki kuisikia ikisomwa madhabahuni. Kijana alisoma polepole hadi mwisho. Kisha likaja swali moja tu: humu ndani mna wanaume wangapi?

Akina baba tukajibu kama watu wanaojua. Amnoni. Haya, na Absalomu, kaka wa Tamari. Wengine wakasema Daudi asihesabiwe kwa sababu yeye alikuja tu kumwona mgonjwa, wengine wakasema ndiye aliyeagiza binti aende kumpikia, ahesabiwe. Mwalimu akamkumbuka Yonadabu, yule binamu mwerevu aliyemfundisha Amnoni ajifanye mgonjwa. Tukawa na wanne ubaoni, tukatosheka. Ndipo kijana mmoja wa nyuma, muda wote alikuwa anachezea zipu ya sweta, akasema: "Na yule aliyefunga mlango."

Nilifungua Biblia yangu kuhakiki. Yupo. Amnoni alipomaliza uovu wake alimwita mtumishi, akamwambia amtoe huyu nje na afunge mlango nyuma yake, na mtumishi akafanya hivyohivyo. Hana jina. Hasemi neno. Akina baba wote tulimruka.

Tukapewa kazi ya kuchukua mmoja mmoja. Yonadabu hakutuchukua muda, kila mtu anamjua: ndiye yule wa kijiweni anayekuambia "we mwanaume gani, mwite geto umwambie unaumwa." Daudi alituchukua muda mrefu, maana maandiko yanasema alipopata habari alikasirika sana, halafu basi. Hakuna alichofanya. Meku mmoja, yaani mzee wa Kichaga, kutoka Uru alimtetea: ni mwanawe, angefanya nini? Akajibiwa na kijana wa kipaimara, tena kwa adabu zote: "Na Tamari naye si mwanawe, babu?" Meku akacheka, akasema haya, mmenishinda. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze, miaka miwili baadaye akamuua Amnoni kwenye sherehe ya kukata kondoo manyoya. Mtu wa kisasi. Ila kwa Tamari mwenyewe hakuna aliyerudi kuuliza anaendeleaje, alibaki tu nyumbani kwa kaka yake.

Tulipofika kwa mtumishi, baba mmoja kijana, ni bodaboda na mteja wangu, akasema: "Huyo ndiye sisi." Akaeleza. Anapigiwa simu na mtu mzima, anaambiwa amchukue binti mahali fulani ampeleke gesti fulani. Nauli inalipwa na anayesubiri, tena mara mbili ya kawaida. Mwinjilisti akamuuliza kama huwa anajua ni mwanafunzi. Akasema sare wanavua wanaweka kwenye begi, lakini viatu hawabadilishi: vyeusi vya kamba, soksi nyeupe. "Mimi naangalia mbele, naendesha. Sikumtongoza mimi."

Hakuna aliyemrukia, na hilo ndilo namsifia mwinjilisti. Mwongozaji mwingine angetoa vifungu vya kumhukumu. Yeye aliuliza ukumbi mzima mtumishi wa Amnoni angeweza kufanya nini, akiwa mtumishi, bila upanga na bila cheo. Majibu yalianza makubwa makubwa: angepiga kelele, angemkamata Amnoni. Yakapungua hadi ukubwa wa mtu wa kawaida. Angechelewa kufunga. Angemsindikiza hadi kwa mama yake. Angesimulia kwa mtu mmoja. Na kwa bodaboda? Kusema mafuta yameisha. Kusema tairi lina pancha. Ukumbi ulicheka, lakini kila mmoja alielewa kwamba hilo linawezekana hata kesho asubuhi, na halihitaji mtu awe shujaa. Wateja wangu wa kituo cha huyo bodaboda wananiambia siku hizi simu za namna hiyo zinajibiwa "niko Himo" hata kama mtu yuko Double Road amekaa juu ya pikipiki. Sina kipimo cha kuthibitisha. Ila nawajua, na wakidanganya huwa wanadanganya kuhusu madeni, si kuhusu hili.

Na hapa ndipo ilipo hukumu yangu juu ya darasa zima. Kama una jirani anayempiga mkewe na unataka arekebishwe, hili siyo dawa yake. Hatakuja. Waliokuja walikuwa wanaume ambao wake zao wanaweza kuwaambia "nenda" wakaenda. Darasa linatufanyia kazi sisi wengine: wenye duka linalotazama geti la gesti, baba mkwe, mjumbe wa nyumba kumi, rafiki wa kijiweni, mfunga mlango. Nao ndio wengi.

Kipindi cha sheria kilikuwa kifupi na kizuri. Alikuja mama wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hakuvaa sare, alikaa kwenye kiti cha plastiki kama sisi. Alituanzia na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, kinachosema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vinginevyo. 1971! Sheria hiyo imewazidi umri wengi wetu mle ndani, na tulikuwa tunaitikia kama watu waliosikia tangazo jipya. Akaenda kwenye Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 na kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka, akasisitiza kwamba kwa binti aliye chini ya miaka 18 hadithi ya "alikubali mwenyewe" haimwokoi mtu huyo. Na kumpa mimba mwanafunzi, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, ni miaka 30 pia. Yule bodaboda aliandika kwenye kiganja.

Kisha akatupa mambo ambayo baba anapaswa kuyajua na hakuna anayetufundisha. Mtoto au mwanamke akibakwa asioge, asibadilishwe nguo kwa haraka, na akivua, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi wala siyo wa plastiki, kwa sababu plastiki inatunza unyevu na ushahidi unaharibika. Hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya hapo hazisaidii, na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Namba 116 ni ya kupiga bure kwa jambo la mtoto. Kijitabu kina pia KWIECO, shirika la hapahapa Moshi linalotoa msaada wa kisheria kwa wanawake na watoto. Mimi ukurasa huo nimeutoa kopi, nimeubandika dukani nyuma ya kaunta, pembeni ya bei za plagi.

Siku nyingine mchungaji alimwalika shehe, na hili lilizua maneno kwenye jumuiya kabla halijafanyika. Hapa mjini tunazikana na kuoana, Mlutheri na Mwislamu ukuta mmoja, lakini kumwita shehe afundishe watoto wa kipaimara wengine waliona tumevuka mto. Alifanya kazi nzuri kuliko wengi. Aliulizwa moja kwa moja kuhusu sura ya An-Nisaa, aya ya 34, ile ambayo wanaume huitaja wakitaka ruhusa. Hakukwepa. Aliisoma, akasema maneno yapo na wafasiri wameyajadili kwa karne nyingi, kisha akaleta kauli ya Ataa bin Abi Rabah, mwanazuoni mkubwa wa Makka wa kizazi kilichowafuata masahaba, kwamba mume asimpige mkewe hata akimwamuru asitii, bali amkasirikie tu. Akaongeza habari ya Bi Aisha kwamba Mtume hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. "Sasa wewe unayesema unafuata sunna," akasema, "unamfuata nani?" Kijana wangu alirudi nyumbani na swali hilo, akawa anampima nalo kila mtu anayejidai kufuata kitu.

Mchungaji wetu alipochukua zamu yake na Waefeso 5, alianzia aya ya 21, pale panaposema watu wanyenyekeane wao kwa wao, ndipo akashuka kwenye ya 22 ambayo wanaume wote tunaijua kwa moyo. Somo zuri, ila refu kupita kiasi. Angeuliza maswali kama mwinjilisti wake.

Kulikuwa na bango ukutani lenye takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16: asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, kama kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kubishana naye. Wanaume waliokubali ni asilimia 40. Nililisoma mara mbili nikidhani wamegeuza tarakimu. Hawakugeuza. Hili kwangu ni pengo la darasa. Unamfundisha mvulana Jumamosi, anarudi nyumbani anamkuta shangazi akimwambia dada yake "vumilia, ndiyo ndoa." Nilimuuliza mwinjilisti, akasema akina mama wana vipindi vyao. Najua wanavyo. Nilitaka kipindi kimoja cha kukaa wote, mama, baba, binti na kijana, na hakikuwepo. Wakiongeze.

Kubishana kukali kuliko kote kulikuwa juu ya masale. Kwa asiye wa huku: kwetu Uchagani ukimkosea mtu ukaja na jani la isale kuomba radhi, ni vigumu mno akukatalie. Meku wa Uru, yuleyule, akasema mila ilishatatua jambo hili zamani. Umempiga mke, amekimbilia kwao, unakwenda kwa wakwe na isale na mbege na mbuzi, mnakaa, mnasemezana, unamrudisha. Wengi tulitikisa vichwa kukubali. Mama wa Dawati, aliyekuwa amebaki kunywa chai, akaomba nafasi.

"Mzee wangu, shikamoo. Hilo jani anapewa nani?"

"Baba mkwe."

"Na aliyepigwa anakuwa wapi?"

Meku akafikiri. "Jikoni. Anapika."

Hakusema zaidi, alirudi kwenye kikombe chake. Tulibaki tukivutana wenyewe. Baba mmoja wa Marangu alieleza kwamba kwao isale lilikuwa na maana kwa sababu ukirudia kosa, ukoo mzima unakugeuka, siyo kwamba unakata jani lingine kwenye ua ukarudi tena mwezi ujao. Mwingine akasema ukoo wenyewe siku hizi uko Dar na Arusha, unakutana Krismasi, nani atakugeuka? Tulikubaliana angalau neno moja: jani liende kwa aliyepigwa, na kama ameumizwa, isale halifuti kesi ya polisi. Meku hakukubali hilo la pili. Alikuja kipindi kilichofuata hata hivyo, na viwili vya mwisho alikaa mbele.

Sasa malalamiko, na ndiyo sababu usharika hauna jina hapa.

Karibu na mwisho baba mmoja aliuliza kitu ambacho sote tulikuwa tunakiwaza. Mzee wa kanisa akijulikana kwamba anampiga mkewe, anaendelea kupitisha kikapu cha sadaka? Hakutaja mtu. Kila mtu alimfikiria mtu. Mchungaji akasema hayo ni mambo ya baraza la wazee, yana utaratibu wake, tusiyaingize humu, na kwa kuwa muda umekwisha tuombe. Muda ulikuwa haujaisha, ilikuwa bado chai ya pili haijatoka.

Mimi hapo nimeondoa nyota nzima na siirudishi. Usharika wetu unajua vizuri kutenga watu. Binti akipata mimba nje ya ndoa habari inafika kwa wazee kabla tumbo halijaonekana, naye atasimama mbele siku ya kurudi kundini. Wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisani hawagusi meza ya Bwana. Basi utaratibu tunao. Tukimfundisha mvulana wa miaka 14 kwamba kumpiga mke ni dhambi na uhalifu, kisha Jumapili akapokea kikapu kutoka kwa mkono anaoujua unavyotumika nyumbani, ataamini kipi? Nilimwandikia mchungaji barua ya ukurasa mmoja, nikaipeleka kwa mkono ofisini. Aliipokea vizuri, akanishukuru. Bado sijajibiwa, na mzee bado anapitisha kikapu.

Vipindi vya vijana peke yao sisi baba haturuhusiwi, na ni sawa. Ninachojua ni kile kijana wangu alichoamua kuniambia. Kuna sanduku la maswali, yasiyo na majina. Swali mojawapo lilikuwa: baba akimpiga mama usiku nifanye nini? Walichojibiwa ni cha kutendeka. Usijitie katikati, utaumia na mama atazidi kuumia kwa kukuhofia. Toa wadogo zako nje. Nenda kwenye nyumba uliyokwisha kuichagua. Kila mvulana ameandika ndani ya jalada la kijitabu majina ya watu wazima wawili ambao anaweza kugonga mlango wao saa yoyote. Nilipekua cha kwangu, yaani cha mwanangu, jina langu sikulikuta. Nikanuna kidogo, mpaka aliponieleza kwamba wameambiwa waandike watu wa nje ya nyumba. Ameandika mama wa duka la dawa na jirani yetu fundi cherehani. Fundi hajui. Nimemwambia mwanangu akamwambie.

Alhamisi anavaa nguo nyeusi na beji, kampeni ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ya kupinga ubakaji na ukatili. Shuleni sare haiwaruhusu, kwa hiyo wanabandika beji tu kwenye sweta. Mwalimu wa zamu aliwavua siku ya kwanza, wakaenda wenyewe kumweleza, akawarudishia. Hakuna mzazi aliyeingilia.

Kwa anayetaka kujiunga: awamu nyingine inaanza baada ya Pasaka. Unaandikisha jina kwa katibu wa usharika siku za kazi, siyo kwa mchungaji mlangoni Jumapili, pale linasahaulika. Asiye wa dhehebu letu anapokelewa, hawaulizi cheti cha ubatizo, nasi tulikuwa na baba wa Kisabato aliyelalamika juu ya Jumamosi tangu siku ya kwanza na bado akawa anakuja mchana baada ya ibada yake, anachukua kopi na kuuliza tumefika wapi. Uliza usharika wa karibu nawe kama wana darasa la namna hii. Wakisema hawana, waulize kwa nini, kisha waambie elfu tano ya kopi na maandazi inatosha.